Kivuli Kwenye Rangi Mbichi

Tap.

Ni mlio mdogo tu, kama uzi wa mwashi uliovutwa ukanyooka halafu ukaachiwa ukapiga ubao. Tap. Kimya. Halafu tena, karibu zaidi na upande aliolala mwanangu. Ulikuwa usiku mwingi, mbwa wa mtaa wameshanyamaza, na mimi nimekaa kitandani ndani ya gari-nyumba letu, nimemkumbatia Rali, nasikiliza mtu anavyoupima ukuta kutokea ndani ya ukuta.

Lakini hilo la usiku si la kuogopwa sana. Yaliyonimaliza yote yalitokea mchana, juani, watu wakipita na mikate yao kwapani, kwa hiyo ngoja nianze na mchana.

Naitwa Nevena. Mume wangu ni Stamen, na binti yetu Rali ana miaka minne. Mwaka huo tulikuwa tumekwama kabisa. Chumba tulichopanga pale mjini Lom, mwenye nyumba alikitaka, anamwozesha mwanawe, tukahamia kwa mama mkwe wangu, Stoika, ambaye hata chumvi niliyoitia kwenye sufuria alikuwa anaihesabu kwa macho. Stamen akapata kazi ya msimu Ugiriki, kwenye kambi ya watalii kando ya bahari, yeye mabomba na mimi usafi, kwa sharti kwamba malazi tujitegemee. Nafasi ya kuegesha tungepewa. Chumba hatungepewa. Basi tukaanza kutafuta gari-nyumba lililotumika, la bei ya watu kama sisi, na kila tulilokwenda kuliona ama sakafu imeoza ama mwenye nalo anaongea haraka mno, mpaka tukampata mzee Gergin.

Mzee Gergin alikuwa mwashi, anakaa kijiji cha ndani ndani kidogo. Alinunua gari la mizigo kuukuu, akang'oa bodi ya nyuma, akajenga nyumba juu yake kwa mikono yake. Nasema akajenga. Jikoni alipanga vigae vya kweli kwa saruji, madirisha yana vizingiti, mlango una fremu ya mbao nene kama wa nyumba ya shamba. Stamen akamwuliza, mzee, na hati ya kiwanja nayo unayo? Mzee hakucheka. Alisimama getini, mbali, kando ya tangazo la msiba la mkewe lenye picha iliyopauka kwa mvua. Matangazo hayo yako kila geti huku kwetu, hata sikulitazama mara mbili. Tulipomwita aje atuonyeshe jiko linavyowashwa, alitupazia sauti tokea pale pale. Hakuingia.

Rangi ya gari ilikuwa kama maziwa yaliyomwagikiwa kahawa kidogo, aliichanganya mwenyewe. Ila kando ya mlango kulikuwa na mstari mpana, unaanzia chini kwenye sakafu unapanda mpaka usawa wa kichwa changu, na rangi yake ilikuwa imekosea kidogo tu, imeelekea kijivu. Puti, ile ya kuzibia bati kabla ya rangi, imevimba, imepasuka nyufa nyembamba kama nywele. Nilipoweka mkono pale mzee akasema, kwa sauti ya chini, "Lote lipakeni mnavyotaka. Hapo tu msipaguse."

Njiani Stamen akasema mafundi wote wako hivyo, kazi mbaya ikishafunikwa hawapendi ifunuliwe. Bei ilikuwa nzuri. Hatukuuliza zaidi.

Na tungeliacha vile vile, nakuapia, isingekuwa picha. Mwenye kambi aliomba picha za gari, Stamen akampelekea kwenye simu, likaja jibu kwamba ule mstari unaonekana kama gari linavuja, kwamba wageni wake wanalipa kutazama bahari hawalipi kutazama mikweche, turekebishe au tusije. Stoika aliposikia akasema, "Hata mkwaruzo mmoja unawashinda, halafu mnataka kwenda nchi za watu." Nikalichukua gari mimi mwenyewe, na Rali kwenye kiti cha pembeni, mpaka kwa Venko.

Venko anachanganya rangi za magari nyuma ya soko. Gari la kiwandani huwa na namba ya rangi imebandikwa mahali, unampa namba anakuchanganyia. La kwetu halikuwa na namba wala ukoo. Ikabidi afanye kwa macho. Kwanza alisugua kipande kidogo kwa dawa ya kung'arishia, aondoe jua la miaka, rangi yenyewe itokee. Halafu akapaka vikadi, akasubiri vikauke, akavishika ubavuni mwa gari anavigeuza hivi na hivi. Taa ya dukani inadanganya, alisema, na rangi mbichi nayo inadanganya, ikikauka inaiva. Kwa hiyo kila kitu alikifanya nje, kwenye jua kali. Kadi ya kwanza ikakauka njano. Ya pili ikawa kama jino la mvuta sigara. Iliyofuata ikapotea. Yaani aliiweka ubavuni ikapotea, huoni kadi inaishia wapi na gari linaanzia wapi. Akafurahi kama mtoto.

Alipokwangua ule mstari, chini ya puti kulikuwa na uzi.

Mwekundu, wa sufu, umenyooshwa wima, kimsumari juu na kimsumari chini, umezikwa mle kama mshipa. Venko akauvuta. Ulitoka kwa mlio wa kitambaa kinachochanika. Akauzungusha kidoleni, akautupa kwenye ndoo ya matambara.

Marehemu bibi yangu alikuwa hanipitishi karibu na nyumba inayojengwa. Waashi wa zamani, alisema, hawainui nyumba bila mtu. Wanamvizia mpita njia, wanapima kivuli chake kwa uzi bila yeye kujua, wanaufukia uzi ukutani, na nyumba inasimama imara. Mwenye kivuli ndiye anayesinyaa. Hafikishi siku arobaini, na akishakufa anakuwa mlinzi wa ile nyumba. Talasam, ndivyo tunavyomwita. Mimi nimemaliza shule, nilifundishwa kivuli ni nini, lakini mwili wangu haukusoma shule yoyote.

Nikamwambia Venko. Akacheka mpaka akaweka msasa chini. "Dada," akasema, "nyumba haina taa za breki."

Na mimi nikacheka. Kweli, lina taa za breki. Lina bima.

Puti ikapakwa, ikakauka, ikasuguliwa, rangi ikaanza. Rali alikuwa anatuzunguka na mfuko wake wa mbegu za alizeti, anatema maganda kama mzee wa kijiweni. Jua likagonga bati likamrudia Venko machoni, akawa anakunja uso, haoni anachopaka. Akamgeukia Rali.

"Hebu simama hapa kando yangu, mrembo. Hapo hapo. Unanizibia jua vizuri kabisa."

Rali akasimama. Akajinyoosha, kwa sababu amepewa kazi.

Kivuli chake kikalala kwenye rangi mbichi, kuanzia viatu mpaka kile kifundo cha nywele nilichomfunga asubuhi. Chote. Nilikiona. Nilikuwa na nafasi ya kumvuta mkono. Nikasema moyoni, ni gari. Na brashi ya Venko ikapita juu ya kivuli cha mwanangu, taratibu, ikaanzia miguuni, ikapanda, ikafunika kichwa.

Ilipokauka hukuweza kuona mstari ulikuwa wapi. Venko akapiga picha awaonyeshe wateja.

Usiku huo, tumelala ndani ya gari uani kwa Stoika kwa sababu Rali aling'ang'ania, ndipo nikausikia ule uzi. Stamen akasema ni bati linapoa.

Kisha nikaanza kuona. Nilikuwa naanika nguo mchana, jua liko juu, na uani kuna kivuli cha kamba, kivuli cha mashuka, kivuli cha paka aliyelala, kivuli changu. Rali alikuwa anaruka mguu mmoja katikati ya hivyo vyote. Chini yake palikuwa na kitu chepesi, kama chai iliyoongezwa maji mara ya pili. Nikadhani ni wingu. Nikatazama juu. Mbingu ilikuwa tupu.

Nikamwita, nikamsogeza huku na huku kama anavyofanya Venko na kadi zake. Akadhani ni mchezo.

Kesho yake kilikuwa chepesi zaidi.

Akaanza kulala mchana, mtoto ambaye hata kwa bakora halali. Mikono ikawa baridi. Nilimpeleka hospitali, wakampima damu, wakampima mkojo, wakasema mtoto hana tatizo, mama ndiye apumzike. Nikataka kumwambia daktari amtoe nje akamtazame juani. Sikumwambia. Angemwandikia nani dawa?

Stamen alikuwa anakusanya vyombo, anafunga magodoro, haoni kitu. Nilipomwambia alinitazama kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko angenigombeza. Akasema tukifika baharini mtoto atachangamka. Rali mwenyewe hakutaka tena kuingia nyumba ya bibi yake. Anasema anakwenda nyumbani, na anamaanisha garini. Ukimtafuta unamkuta pale kando ya mlango, mgongo umeegemea ubavu wa gari, macho yamefumba.

Na ile rangi iliyokuwa imepotea, ikaanza kuonekana. Ilikuwa inaiva. Haikuiva mstari mzima. Iliiva mahali padogo, chini, penye mabega membamba na kifundo juu ya kichwa.

Nikaenda kwa mzee Gergin peke yangu. Nilimkuta anakoroga saruji kwenye ndoo, hakuna alichokuwa anajenga. Sikumsalimia vizuri. Nilimwambia tu, tumepagusa.

Aliacha kukoroga. Alinong'ona, kama mtu mwenye mgonjwa chumba cha pili. Alisema katika maisha yake hajainua nyumba bila uzi, hajui kuinua nyumba bila uzi, na ile ya gari ilikuwa zawadi kwa mkewe, wakaione dunia wakistaafu. Alikuwa amekaa na uzi mkononi anangoja mpita njia yeyote. Mkewe akatoka na beseni la maji.

"Alipita mwenyewe," akasema. "Mkono ulishazoea. Ukapima."

Nikamwuliza mwanangu anarudishwaje. Akatazama pembeni.

"Nyumba haikai bila mtu, binti. Aliyekuwemo mmemtoa."

"Nitalichoma."

"Na aliyemo sasa?"

Nikaona ameshaanza tena kukoroga, na kwa kukoroga kule, bila kuniangalia, akanong'ona neno la mwisho. Anarudishwa kwa mwingine. Mmoja akiingia, mmoja anatoka, ilimradi arobaini haijafika.

Sijui niliendeshaje kurudi. Nilimkuta Stoika uani anapanda vitunguu, nikamwagia yote, kwa kilio, maneno yanapandana, uzi, kivuli, beseni, Venko, yote. Alinisikiliza amechuchumaa. Nilipomaliza akasema, "Umesoma mpaka ukapewa cheti, ndipo unaniletea habari hizi." Akaendelea na vitunguu vyake. Nikaingia ndani nikaziba mdomo kwa mto.

Kupitia dirishani nikamsikia anamwita Rali aje uani achukue banitsa, mkate wa tabaka wenye jibini, bado wa moto. Rali akaja polepole, anaburuza miguu. Jua lilikuwa kali. Stoika hakumtazama usoni. Alitazama chini. Alitazama muda mrefu, sahani mkononi, mpaka mtoto akamwuliza bibi umepoteza nini. Akamkatia kipande kikubwa kuliko ambavyo nimewahi kumwona akimkatia mtu.

Baadaye alinijia jikoni. "Yule mcheka hovyo wa rangi alikubakizia rangi?"

Alinibakizia, kopo dogo, kwa ajili ya michubuko ya njiani.

"Kesho Stamen akienda sokoni, basi."

Sikumwelewa. Au nilimwelewa nikanyamaza. Sitaki kujua ni kipi.

Asubuhi Stamen alipoondoka nilianza kusugua kwa msasa. Nilisugua lile umbo dogo, vumbi linanirukia mdomoni, mpaka bati likatokea. Rali alikuwa amelala ndani ya nyumba, nilimbeba kumwingiza, alikuwa mwepesi kama nguo zisizo na mtu. Nikasikia mlango wa nyuma. Nikageuka.

Wanawake wazee wa kwetu huweka nguo za kuzikiwa tayari, chini kabisa ya sanduku, zimepigwa pasi, na soksi ambazo hazijaguswa. Za Stoika nilikuwa nazijua. Alinionyesha mwaka nilioolewa, kwa kunitisha tu, nijue pa kuzipata. Sketi nyeusi, blauzi yenye vifungo vya lulu, kitambaa cha kichwa cha maua madogo.

Alikuwa amezivaa.

Alitembea mpaka kando ya mlango wa gari, akageuza mgongo kwa jua, akatengeneza kitambaa. Kivuli chake kikapanda kwenye bati. Kimeinama kidogo, kama yeye.

"Mama," nikasema. "Mama, tusubiri."

"Tusubiri nini? Pengine hata hakitanitosha, mimi mwenyewe nimeshasinyaa." Alicheka puani. "Paka. Na usinichafue, hizi nazihitaji."

Nikafungua kopo. Nikachovya. Sikuweza.

"Nevena." Hakuwahi kuniita kwa jina, aliniita wewe. "Stamen asijue. Akijua hataweza kulala humo, na hamna pengine pa kulala. Apa."

Nikaapa.

Nikaanzia miguuni. Nikapandisha. Magotini. Kiunoni. Brashi ilipofika kifuani alivuta pumzi moja kubwa, kama mtu aliyeingia maji ya baridi. Hakusogea. Nikamaliza kichwa.

"Umepaka vibaya," akasema. "Lakini itakauka." Akaingia ndani kubadilisha nguo.

Jioni ile Rali aliamka akiwa na njaa. Alikula, akaomba tena, akatoka mbio uani jua likiwa linazama, na nyuma yake, kwenye ardhi yote ya ile bustani ya vitunguu, kikamfuata kivuli kirefu, cheusi, chenye kifundo cha nywele. Nilikaa chini pale pale mlangoni. Stoika alikuwa nyuma yangu anafuma soksi. Taa ilikuwa imewaka. Sikutazama ukutani kwake.

Alikufa mbele ya tamthilia yake ya Kituruki, miwani usoni, siku arobaini hazijatimia. Stamen alilia, akasema angalau hakuteseka. Nguo nilimvika mimi. Tangazo getini nilibandika mimi, nikalisawazisha kwa kiganja lisiwe na mapovu.

Sasa tuko baharini. Stamen anafunga mabomba, mimi naosha vyoo vya watalii, na mwenye kambi amelisifu gari letu mbele ya watu. Kila asubuhi umande unalilowesha lote, paa, vioo, bati, isipokuwa mahali pamoja kando ya mlango. Pale ni pakavu. Pana umbo la mtu mzima aliyeinama mgongo. Ukiweka mkono, pana joto. Rali anaegemea hapo akinywa maziwa yake. Anaongea. Ananyamaza. Anaongea tena, kama mtu aliyejibiwa.

Tulipofika, ule ukavu ulikuwa unanifika kidevuni. Baadaye ukawa kifuani. Ukawa kiunoni. Natoka kuutazama kila asubuhi kabla Stamen hajaamka, naweka mkono, naona umande umesogea wapi. Stoika alikuwa mzee. Hakuwa amebakiza uhai mwingi.

Leo ulikuwa sawa na kiganja changu, na matone yalikuwa yanaingia kutoka pembeni.

Na leo mchana Rali amekwenda kulala bila kuitwa.

Safu ya nyuma yetu kuna mama mmoja Mjerumani, mjane, amekuja peke yake na gari lake. Ni mtu mwema. Humletea Rali biskuti, na tunaelewana kwa vidole na kucheka. Ana mabega mapana, anaogelea kila asubuhi, ana afya. Anaipenda sana rangi ya gari letu, huigusa gusa, huuliza nimeipata wapi. Nimemwalika kahawa kesho. Nimeshaweka kiti, nje, karibu kabisa na mlango, mahali ambapo jua litakuwa mgongoni kwake.

Stamen hajui na hatajua, niliapa. Wewe nimekwambia kwa sababu uko mbali, huwezi kuja kusimama hapa, na kifua kilikuwa kinataka kupasuka. Baada yako sitamwambia mtu mwingine. Naapa kwa uhai wa mwanangu. Mtu akishajua, hakubali kusimama.